Ulimwengu ni simulesheni, unajikokotoa wenyewe, ama ni ulimwengu tu? Tulinganishe kisha uchague

Hili swali linazunguka sana kwenye simu za vijana hapa Malindi, mara klipu ya Elon Musk ya 2016 akisema kwamba uwezekano wa sisi kuwa kwenye ulimwengu wa asili ni mmoja kwa mabilioni, mara video ya mwewe amesimama hewani hasogei basi watu wanasema ati "programu imekwama", na mabishano yakianza barazani hayaishi mpaka adhana. (Yule mwewe kwa taarifa tu ametanua mbawa akikabili upepo, mwendo wake na mwendo wa upepo vimelingana ndo maana unamuona kasimama, nenda ufukweni wakati wa kusi ukaangalie.) Kinachonisikitisha ni vile watu wanabishana kana kwamba majibu ni mawili tu, ndio ama la, na ukilisoma hili jambo vizuri misimamo ni mitatu na kila mmoja una gharama yake. Na kuna vijana wameshaniuliza kwa huzuni kabisa, kama haya yote ni gemu ya mtu basi kuna haja gani ya kusoma ama kuoa, kwa hivyo mimi naona linastahili kupimwa kwa makini.

Wa kwanza ndio huo unaojulikana, simulesheni, yaani kwamba ulimwengu huu wote pamoja na sisi ni maigizo yanayoendeshwa ndani ya kompyuta ya viumbe wengine. Aliyeipanga hoja yake vizuri ni Nick Bostrom, mwanafalsafa wa Uswidi aliyekuwa Oxford, akaichapisha 2003. Na hapa wengi wanamsingizia, manake yeye hakusema tunaishi ndani ya kompyuta. Alisema katika mambo matatu lazima angalau moja liwe kweli: ama viumbe wenye akili kama sisi karibu wote huangamia kabla hawajafikia uwezo wa kutengeneza simulesheni za namna hiyo, ama wanaufikia lakini karibu hakuna anayejishughulisha kuigiza maisha ya mababu zake, ama sisi karibu kwa yakini tuko ndani ya mojawapo. Hilo la tatu linasimama kwa idadi tu, yaani kama ulimwengu wa asili ni mmoja na wa kuigizwa ni mamilioni, na aliye ndani hawezi kutofautisha, basi wewe uliyejikuta hai yaelekea uko kwenye zile nyingi.

Halafu akaweka namba. Akakadiria ubongo wa mtu unafanya kazi ya hesabu kati ya 1 yenye sifuri 14 na 1 yenye sifuri 17 kwa sekunde, na historia yote ya wanadamu, kila mtu na kila wazo, ingehitaji kati ya 1 yenye sifuri 33 na 1 yenye sifuri 36. Kompyuta yenye ukubwa wa sayari, kwa makadirio aliyotumia, ingeweza kufanya 1 yenye sifuri 42 kwa sekunde moja. Piga hesabu mwenyewe, historia nzima kuanzia mtu wa kwanza mpaka leo inaingia ndani ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Namba hizo ndizo zinazowatisha watu, na zishike kichwani manake nitazirudia, ndipo naona hoja inapovunjikia.

Wa pili unafanana na wa kwanza mpaka watu wanauchanganya, na ni kitu kingine kabisa. Huu unasema ulimwengu wenyewe ndio unaokokotoa, hakuna mashine huko nje wala mtu aliyekaa mbele ya skrini, ni kwamba kila atomu ikigongana na nyingine hapo taarifa imebadilishwa, na sheria za fizikia ndizo kanuni za kuibadilisha. Konrad Zuse, Mjerumani aliyetengeneza kompyuta ya Z3 mwaka 1941, aliliandikia wazo hili kitabu mwaka 1969. John Wheeler, mwanafizikia wa Marekani, akalisukuma mbele akisema kila kitu kilichopo mzizi wake ni maswali ya ndio na la. Na 2002 Seth Lloyd wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani akapiga hesabu kwamba tangu ulimwengu uanze umeweza kufanya hatua zisizozidi 1 yenye sifuri 120, juu ya biti 1 yenye sifuri 90 (biti ni kipande kidogo kabisa cha taarifa, jibu moja la ndio ama la).

Kama hilo halikuingii, hebu fanya hivi, maji yakipwa nenda kwenye mchanga mgumu pale Casuarina, chora vyumba 5 kwa 5, okota makome matatu uyapange kwa mstari kwenye safu ya katikati, moja chumba cha katikati kabisa na mengine kushoto na kulia kwake. Kila chumba kina majirani wanane ukihesabu na wa pembeni. Kanuni ni hizi: chumba chenye kome kinabaki nalo kama majirani wenye makome ni wawili ama watatu, wakipungua ama wakizidi kome linaondoka, na chumba kitupu kinapata kome kama majirani wenye makome ni watatu barabara. Hesabu vyumba vyote kwanza ndipo ubadilishe kwa mpigo mmoja. Yale makome mawili ya kandoni yanaondoka manake kila moja lina jirani mmoja tu, la katikati linabaki, na chumba cha juu yake na cha chini yake vinapata, kwa hivyo mstari uliokuwa umelala sasa umesimama. Rudia tena, unalala. Hiyo ni kazi ya John Conway wa Uingereza, ilitangazwa 1970, na ajabu yake ni kwamba ukiwa na uwanja mkubwa wa kutosha kwa kanuni hizo hizo tu unaweza kujenga ndani yake kompyuta kamili inayofanya hesabu yoyote ambayo kompyuta yako inafanya. Watu wa msimamo wa pili wanauliza, sasa mbona isiwe hivyo kwa ulimwengu, kanuni chache ndogo na haya yote yakazuka?

Na hapa niseme kitu ambacho watoto wa Malindi hawafundishwi vya kutosha, kwamba msimamo huu wa pili una mizizi Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano baharini nje ya Ngomeni, ikabeba setilaiti ya NASA ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuangalia eksrei zinazotoka angani. Siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, ndo setilaiti ikaitwa Uhuru. Pale ni karibu na ikweta, mzunguko wa dunia unaipa roketi msukumo wa bure. Uhuru ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksrei, na kimoja kiitwacho Cygnus X-1 kikawa kinapepesa kwa kasi sana, na kitu kinachopepesa haraka hivyo hakiwezi kuwa kikubwa, baadaye wenye darubini za kawaida wakapima uzito wake na kikawa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa mpaka hata mwanga hautoki, la kwanza ambalo wanasayansi walilichukulia kwa uzito. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi ile alipata tuzo ya Nobel 2002.

Shimo jeusi linahusiana vipi na kompyuta? Katika miaka hiyo hiyo mwanafizikia Jacob Bekenstein akajiuliza, nikitupa kitu kwenye shimo jeusi, taarifa zake zinaenda wapi? Akafikia kwamba taarifa ambazo shimo jeusi linaweza kubeba zinaendana na eneo la uso wake na si ujazo wake. 1974 Stephen Hawking akaonyesha kwamba shimo lenyewe linatoa joto kidogo, hesabu zikakaa sawa. Kisha Gerard 't Hooft 1993 na Leonard Susskind baadaye wakalipanua, kwamba sehemu yoyote ya ulimwengu ina kikomo cha taarifa na kikomo hicho kinapimwa kwa uso wake. Yaani hata chumba unachokaa sasa hivi hakiwezi kubeba taarifa bila mwisho. Hili si ushahidi kwamba kuna mashine mahali, lakini linakwambia taarifa ni kitu cha fizikia kama joto na uzito. Rolf Landauer alishasema 1961 kwamba kufuta biti moja kuna bei ya nishati ambayo huwezi kuikwepa, na 2012 wanasayansi wakaipima kwenye maabara wakaikuta. Msimamo wa pili una vitu vya kushika mkononi, ndo uzuri wake.

Wa tatu nao ni huu wa kawaida, kwamba ulimwengu ni ulimwengu tu, na kokotoo ni namna yetu sisi ya kuuelezea. Watu wanaudharau kwa sababu hauna msisimko, wakati hoja yake ni nzito. Mwanafalsafa John Searle ndiye aliyeikazania, kwamba kuigiza kitu si kukifanya, na kwa huku kwetu naiweka hivi: kompyuta ya watabiri wa hali ya hewa inaweza kuigiza kusi kwa usahihi, nguvu yake, mawimbi yake, saa itakayoanza, na kusi hiyo haitajaza tanga la jahazi hata moja. Anayesema simulesheni ya mtu inaweza kuhisi na kuwaza ana kazi ya kueleza kwa nini fahamu iwe tofauti na upepo. Bostrom mwenyewe anakiri hoja yake inategemea dhana hiyo, kwamba fahamu inaweza kukaa kwenye kompyuta kama inavyokaa kwenye ubongo. Bila hiyo hoja yote haianzi.

Sasa tuiweke ana kwa ana. Kwa ushahidi wa moja kwa moja wa kwanza ni maskini. Watu wanataja mwendo wa mwanga, kilomita 299,792 na ushee kwa sekunde, kwamba ni "spidi ya prosesa", ama urefu wa Planck, ule mdogo kabisa ambao fizikia ya leo inaweza kuuzungumzia, kwamba ndo pikseli, yaani nukta za skrini. Hayo ni mafumbo tu. Kila sheria ya fizikia ina vipimo vyake, na kuwepo kwa kikomo hakukwambii nani kakiweka. Na kuhusu pikseli, 2009 setilaiti ya Fermi ilinasa mlipuko wa miale ya gama uliosafiri kama miaka bilioni 7.3, na fotoni (chembe ya mwanga) yenye nishati kubwa kabisa ilifika ndani ya sekunde moja hivi tangu mlipuko uanze kuonekana. Kama nafasi ingekuwa na chembechembe za namna ambayo wengi walidhani, safari ndefu hivyo ingezitenganisha fotoni zaidi ya hapo. Haithibitishi kwamba nafasi haina chembe kabisa, ila ile pikseli rahisi ya kwenye video za mtandaoni imepata pigo.

Kwenye gharama ndipo mimi nimekaa muda mrefu zaidi. Ukitaka kuandika hali kamili ya chembe 300 tu za kikwantamu, yaani vitu vidogo kama elektroni, kila moja ikiwa na hali mbili, unahitaji namba 2 ijizidishe mara 300, na hiyo ni kubwa kuliko idadi ya atomu zote za ulimwengu tunaouona. Chembe 300! Kwenye tone moja la maji ni zaidi ya mabilioni ya mabilioni. Richard Feynman alililenga hili 1981, akasema kompyuta ya kawaida haiwezi kuigiza maumbile, labda itengenezwe kompyuta ya kikwantamu. Kwa hivyo wa msimamo wa kwanza wanajitetea kwamba programu inabana matumizi, inachora kile tu kinachoangaliwa, kama gemu inavyochora chumba ulichoingia na vingine inaviacha.

Jibu la hilo liko baharini hapa hapa. Matumbawe ya Malindi hukua kwa tabaka, kila mwaka tabaka lake, ukilikata ukapiga eksrei unaziona kama pete za mti. Tope la mto Sabaki linapoingia baharini linakuja na bariamu, aina ya madini, na tumbawe linaichukua likiijenga ndani ya mwili wake. 2007 ilichapishwa kazi ya wanasayansi waliosoma tumbawe la hapa lenye umri wa miaka kama 300, wakaona bariamu imekaa chini miaka na miaka, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupanda, na huo ndio wakati wakoloni Waingereza walipokuwa wanafungua mashamba huko juu ardhi ikaanza kumomonyoka. Miaka yote ile hakuna aliyekuwa anatazama ndani ya tumbawe, hakuna aliyejua kama kuna cha kutazama, na siku lilipotobolewa lilikuwa na habari inayokubaliana na mvua, na mto, na historia ya watu walioko mamia ya kilomita. Programu mvivu ingefanyaje? Ama iwe ilikuwa inakokotoa tangu mwanzo, basi haikubana chochote, ama siku ya kutobolewa igushi miaka 300 kwa mpigo bila kupingana na kitu chochote kingine duniani, na kugushi kwa usahihi huo ni kukokotoa kule kule. Zidisha kwa kila jiwe la kila nyumba ya matumbawe kutoka Gede mpaka Lamu. Uvivu huo haupunguzi gharama. Na halafu "kuangaliwa" kwenye fizikia ya kwantamu hakuhitaji jicho la mtu, chembe ya hewa ikigonga inatosha.

Halafu zile namba za Bostrom. 2025 Franco Vazza, mtaalamu wa anga wa Bologna, alikokotoa nishati inayohitajika kuuendesha ulimwengu wetu kama simulesheni akitumia sheria za fizikia tunazozijua, akaona haiwezekani, hata kuiigiza Dunia peke yake kunashinda. Watetezi wakajibu, huko nje sheria zinaweza kuwa nyingine. Sawa kabisa, ila sikiliza matokeo yake: kama sheria za nje hatuzijui, basi ile 1 yenye sifuri 42 nayo hatuijui, manake imetolewa kwenye fizikia ya humu ndani! Hoja inaanza kwa kusema "angalia kompyuta zetu zinavyoweza" na inamalizia kwa kusema kompyuta zetu na fizikia yake si za kweli. Unakata tawi ulilokalia. Ukizikubali sheria zetu, gharama zinakuua, ukizikataa, namba za kuanzia zinafutika, na hilo kwangu ndilo kubwa kuliko yote niliyoandika hapa. Msimamo wa pili hauna shida hii, manake hausemi kuna nje, ulimwengu unajikokotoa kwa gharama ya ulimwengu wenyewe.

Kuhusu dini nitakuwa mfupi ila nisieleweke vibaya, kwa sababu hapa kwetu swali hili huja haraka. Wako wanaosema simulesheni ni kumtaja Mungu kwa lugha ya teknolojia. Hapana ndugu zangu. Hao waendeshaji wa Bostrom ni viumbe, wana ulimwengu wao, wanategemea nishati, wanaweza kufa, na huenda wao pia wameigizwa na wengine. Hao ni makhluki kama sisi, wamekaa ghorofa ya juu tu. Na mashaka yenyewe si mageni kwenye elimu yetu, Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, alijiuliza kama kuamka kwetu huenda ni ndoto kwa kulinganisha na hali nyingine, na wanazuoni wa Ash'ari, moja ya shule za itikadi za Kiislamu, walifundisha kwamba Mwenyezi Mungu huumba sifa za vitu upya kila wakati. Hawakusema dunia ni ya uongo, walisema inategemea. Mwenye imani anaweza kusimama kwenye wa pili ama wa tatu bila kupoteza chochote.

Na yule kijana aliyeuliza kuna haja gani ya kusoma? David Chalmers, mwanafalsafa wa Australia, anasema hata tukiwa kwenye simulesheni vitu vinabaki kuwa vya kweli, ni kwamba mti umetengenezwa kwa biti badala ya unavyodhani. Mimi simfuati mpaka mwisho ila hapo namuunga mkono. Jino likiuma linauma kwenye misimamo yote mitatu. Mama yako akikungoja urudi kutoka Mombasa anangoja kweli. Hakuna hata mmoja katika hao wanafalsafa niliowataja aliyesema usisome.

Basi uchague vipi. Kama unapenda fumbo la kukesha nalo na wenzio, chukua wa kwanza, usome Bostrom mwenyewe na uziache klipu, na ukubali kwamba umechukua fumbo. Kama uko shule unafikiria fizikia, kompyuta ama elimu ya anga, nakusihi uchukue wa pili, huko ndiko kuna kazi ya kufanya, kuna vitu vinapimwa, na historia yake imepita pale pale Ngomeni. Kama unataka tu kuishi bila kubabaishwa na kila video, wa tatu unakutosha na una hoja za watu wazito. Mimi niko kwenye wa pili, na yule wa kwanza nimeuweka kando.

Nitaurudia lini? 2012 Silas Beane, Zohreh Davoudi na Martin Savage walitoa njia ya kuupima: kama ulimwengu unaendeshwa kwenye gridi, kama wanafizikia wanavyoweka gridi kwenye simulesheni zao za ndani ya atomu, basi miale ya angani yenye nishati kubwa kupita zote isingekuja sawa kutoka pande zote, ingefuata mistari ya gridi. Kituo cha Pierre Auger kule Argentina kina matangi ya maji zaidi ya 1,600 yametandazwa kwenye kilomita za mraba 3,000 yakiisubiri miale hiyo. 2017 waliripoti kwamba upande mmoja wa anga unatoa mingi kidogo kuliko mwingine, na hilo wanalielezea kwa vyanzo vilivyo nje ya galaksi yetu. Mistari ya gridi haijaonekana, na siku ikionekana nitaandika tena.